Mdako

Jiwe langu halirudi.
Nalirusha kwa kidole kwenye kioo,
linapanda, linapita ukingo wa juu,
linakwenda zake kama mtu aliyeudhiwa.
Usiku wa tatu huu.
Umeme wa Limbani umekatika tangu magharibi,
betri imebaki asilimia kumi na moja,
nami sijui amri gani humrudisha aliyekwenda.

Chini ya kopo la sukari zimelala karatasi mbili.
Moja ina muhuri: Tunguu, shahada, miaka mitatu,
hesabu, hesabu tena, takwimu, halafu ndio kompyuta.
Ya pili ina rangi kama kanga mpya:
Mlandege, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia,
miezi kumi na minne, michezo sita ya mkono wako.
Zote mbili zinataka pesa Ijumaa.

Pesa ni moja. Imo ndani ya mto wa mama
na inanuka karafuu.
Mwaka huu mikarafuu ilizaa kwa choyo;
nimemwona akichambua makonyo mpaka kucha zimekuwa nyeusi,
kwa hivyo siwezi kusema "nijaribu tu."

"Mshika mbili," mama anaanza,
wala hamalizii. Methali hiyo kwetu haimaliziwi.

Namfikiria Haroub, mtoto wa ami:
picha yake ya joho ameibandika kwenye kibanda cha vocha,
jua limeila mpaka kofia imekuwa ya kijivu.
Namfikiria na Salhina wa Bopwe,
aliyepita Mlandege, akalipwa na watu asiowajua
kwa kupasua matunda ndani ya simu.
Programu ikabadilishwa, toleo jipya,
akaniambia, "Mize, nimerudi darasa la kwanza."

Nikapiga simu Mlandege.
Kijana mchangamfu, sauti ya mtu aliyekwishakula.
Nikamuuliza: mtanifunza kwa nini jiwe hurudi?
Akacheka, si kwa ubaya.
"Dada, hilo programu inajua yenyewe. Wewe bonyeza tu."

Nikapiga Tunguu.
Nikahamishwa meza tatu, ya nne ikanijibu:
"Michezo? Sisi hatufundishi michezo."

Asubuhi nikamkuta Kazija uani,
kishimo chake, kokoto zake, goti limepakaa vumbi.
Moja juu; mkono uleule unakumba zilizo chini,
unageuka, unaipokea ya juu kabla haijagusa ardhi.
Tap. Hata haangalii.
Miaka minane, na ana saa ndani ya kiganja.
Nikataka kumwita mama aje aone:
huyu hapa mshika mbili!
Kisha nikatazama vizuri.
Ile ya juu hajaishika. Ameiachia.
Anaiamini kuwa itarudi,
ndio maana mkono una nafasi ya kukumba.

Nikaingia ndani, nikalifukua daftari la fizikia la kidato cha tano.
Tisa nukta nane. Nilikariri, nikafaulu, nikasahau.
Nikaiandika kwa mkono wangu, mstari kwa mstari,
bila kubonyeza cha mtu.

Jiwe likapanda. Likasita.
Likarudi!
Nilipiga kelele, mama akaja na ungo kifuani
akidhani nyoka.

"Tunguu," nikamwambia. "Mchana Tunguu."
"Na usiku?"
Sikujibu. Akatazama kioo, akatazama macho yangu mekundu,
akaenda kuufumua mto.

Sijui kama nimechagua vyema.
Huenda nitasinzia kwenye takwimu,
huenda Salhina atanicheka miaka mitatu mfululizo.
Ya juu nimeiachia, basi.

Kazija akaomba kucheza.
Akarusha mara moja, mara mbili, akakunja uso.
"Dada, jiwe lako linaanguka kama la kitabuni."
Akaweka kokoto kwenye kiganja changu, ya moto bado kwa jua:
"Shika hili kwanza. Sikia uzito."